Risiti Moja, Idara Mbili

SALMA: Karibuni tena kipindini. Mimi ni Salma, niko na mwenzangu Kessy, na leo mezani tuna karatasi moja tu. Kaka Kessy, isome.

KESSY: Ni risiti ya EFD, mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi. Mifuko 20 ya saruji, kila mfuko 18,000, jumla 360,000. VAT ya asilimia 18 ni 64,800. Jumla kuu 424,800. Chini kuna namba ya risiti, namba ya Z, yaani ya ripoti ya mauzo ya siku, namba ya uhakiki, na msimbo wa QR.

SALMA: Sasa ipeleke idara ya uhasibu ya chuo chochote. Watakuambia huu ni ushahidi wa mauzo. Debiti wadaiwa 424,800, krediti mauzo 360,000, krediti VAT 64,800. Mkaguzi atauliza: mauzo haya yametokea kweli? Yameingizwa kwenye mwezi wake?

KESSY: Halafu ivushe barabara, ipeleke idara ya mifumo ya taarifa. Kule ni ujumbe uliotoka kwenye mashine kwenda kwenye seva. Wataona muda ambao mashine ilichapa na muda ambao seva ilipokea, na watauliza kwa nini kati yake kuna siku nzima.

SALMA: Na mada yetu ni huyo mtafiti anayesimama kati ya idara hizo mbili. Mwenye shahada ya uhasibu anayetaka uzamivu unaogusa mifumo, au mtu wa mifumo anayependa hesabu. Watu humwita popo, si ndege si mnyama.

KESSY: Popo ana meno na ana mabawa, na vyote anavitumia. Kinachowaangusha wengi si kuwa kati. Ni kwamba wana nusu ya uhasibu na nusu ya mifumo, lakini hawana kitu kimoja wanachokijua kikamilifu. Waliofanikiwa kwenye njia hii walishika kitu kimoja, wakakijua kutoka pande zote mbili.

SALMA: Tutaje watu, maana wasikilizaji watasema tunaongea hewani.

KESSY: Tuanze Minnesota, Marekani. Gordon Davis alikuwa mtu wa uhasibu, uzamivu wake ni wa Stanford. Mwaka 1968 taasisi ya wahasibu wa Marekani ilichapisha kitabu chake kuhusu ukaguzi na uchakataji wa data kwa kompyuta. Miaka hiyo hiyo, pale Minnesota, alikuwa mmoja wa walioanzisha programu ya kwanza ya uzamivu katika mifumo ya taarifa. Jarida la utafiti wa mifumo, MIS Quarterly, nalo lilianzia pale pale mwaka 1977.

SALMA: Kwa hiyo anayeuliza kama mhasibu ana haki ya kuingia kwenye mifumo…

KESSY: …amechelewa. Wahasibu ni sehemu ya waliojenga nyumba. Mwingine ni Ron Weber wa Australia. Alisoma biashara Queensland, akaenda Minnesota kwa uzamivu, akaandika juu ya udhibiti na ukaguzi wa mifumo. Baadaye, pamoja na Yair Wand wa British Columbia, akaingia kwenye swali linaloonekana la kifalsafa: mchoro wa mfumo unawakilisha vipi dunia halisi? Ukilitazama vizuri, ni swali la mkaguzi lile lile. Je, kilichoandikwa kinalingana na kilichotokea? Mtu huyu akaja kuwa mhariri mkuu wa MIS Quarterly.

SALMA: Na McCarthy usimruke, maana risiti yetu inamhitaji.

KESSY: William McCarthy, Michigan State, makala ya mwaka 1982 kwenye The Accounting Review. Modeli yake inaitwa REA: rasilimali, matukio, mawakala. Hoja yake ni kwamba debiti na krediti si data ya asili, ni namna moja tu ya kuitazama data. Kilichotokea dukani ni tukio la mauzo. Limepunguza rasilimali, yaani saruji mifuko 20, na limehusisha mawakala wawili, muuzaji na mnunuzi. Baadaye litakuja tukio la pili, kupokea fedha. Matukio hayo mawili ni pacha. Toa kimoja, chukua kingine.

SALMA: Ukihifadhi hivyo kwenye kanzidata, akaunti ya wadaiwa huhitaji kuiandika popote. Unaikokotoa. Ni mauzo yote ambayo pacha wake wa malipo hajafika.

KESSY: Ndiyo. Na meneja wa ghala anauliza data hiyo hiyo maswali yake ya mifuko, bila kupitia kwenye shilingi. Ukiandika debiti na krediti peke yake, mifuko 20 imeshapotea, imebaki 360,000. Wazo hili la mhasibu mwaka 2007 liliingia kwenye kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 15944-4.

SALMA: Sawa. Sasa tumwendee kijana anayeandika pendekezo la utafiti wiki hii. Nitakuwa mkali kidogo, mnisamehe. Mapendekezo mengi kuhusu mashine za risiti yana sura moja: "Mambo yanayochangia kukubalika kwa mfumo fulani miongoni mwa wafanyabiashara wa wilaya fulani." Dodoso la skeli ya Likert ya pointi tano, modeli ya kukubali teknolojia ya Fred Davis ya mwaka 1989…

KESSY: Davis huyu si yule wa Minnesota.

SALMA: Si yule. Halafu sampuli ni 384.

KESSY: Eeh, 384! Namba hii inatembea vyuoni kama salamu.

SALMA: Inatoka kwenye jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970. Hesabu yake ni 1.96 kipeo cha pili, mara 0.25, gawanya kwa 0.05 kipeo cha pili. Unapata 384.16. Imetengenezwa kwa kazi moja: kukadiria uwiano, kwa mfano asilimia ya wafanyabiashara wenye mashine, kwa ukingo wa makosa wa asilimia 5, kwenye sampuli ya kubahatisha. Haisemi chochote kuhusu regresheni yenye vigezo saba, yaani hesabu ya jinsi mambo saba yanavyoathiri jambo moja. Wala haifai kama watu 384 ni wale waliokubali kusimama sokoni kujaza fomu.

KESSY: Na kosa la pili ni kubwa zaidi. Modeli ile inauliza mtu kama anaona kifaa kina manufaa na ni rahisi, ili kutabiri kama atakitumia. Inadhani mtu ana hiari. Mashine ya EFD ni ya kisheria. Tangu mwaka 2010, ilipoanza Tanzania na waliosajiliwa VAT, mfanyabiashara haulizwi kama anaipenda. Kwa hiyo swali la "atakubali?" halina mashiko. Swali ni anaitumiaje. Anatoa risiti kwa nani? Saa ngapi? Kiasi kamili au pungufu?

SALMA: Na ukimuuliza kwa dodoso, "je, huwa unatoa risiti kwa kila mauzo?", unategemea ajibu nini?

KESSY: "Nakubaliana sana," pointi tano. Halafu sababu na matokeo yote umeyapima kwa mtu mmoja, kwa fomu moja, kwa siku moja, kwa hiyo vinaonekana kuhusiana hata kama havihusiani. Alfa ya Cronbach inatoka 0.85 na kila mtu anapiga makofi. Alfa inakuambia maswali yako yanakwenda pamoja. Haikuambii kama jibu ni kweli.

SALMA: Basi tuachane na dodoso twende kwenye rekodi zenyewe. Anapataje?

KESSY: Njia ya kwanza si mamlaka ya kodi. Ni kampuni au taasisi ya kati yenye mfumo wa manunuzi unaofanya kazi. Omba faili moja, la mwaka mmoja uliofungwa na kukaguliwa, si mwaka unaoendelea. Mwaka unaoendelea unamtisha mkurugenzi wa fedha. Barua itaje safu unazohitaji kwa majina: namba ya muamala, aina ya tukio, tarehe na saa, aliyeingiza, aliyeidhinisha, kiasi, msimbo wa msambazaji. Ukiandika "naomba data ya manunuzi", barua inazunguka ofisini mpaka inapotea, kwa sababu hakuna ajuaye ni data ipi.

SALMA: Na karatasi za kisheria?

KESSY: Kibali cha utafiti kiko kwa tume za sayansi na teknolojia: Tanzania fuatilia COSTECH, Kenya ni NACOSTI. Halafu kuna sheria za taarifa binafsi, ya Tanzania ni ya mwaka 2022, ya Kenya ni ya 2019. Majina na TIN, yaani namba za utambulisho wa mlipakodi, visitoke ofisini. Hapa kuna mtego ambao watu wa mifumo wataucheka na wahasibu hawaujui. Mtu anasema, "TIN nimezificha kwa hashi." Yaani amezigeuza kwa fomula kuwa msimbo usiosomeka. Lakini TIN ina tarakimu tisa. Michanganyiko yake yote haizidi bilioni moja, na kompyuta ya kawaida inaijaribu yote kwa muda mfupi. Umeficha ufunguo chini ya mkeka wa mlangoni. Ofisi itengeneze jedwali la namba za bahati nasibu, jedwali libaki kwao, wewe upewe namba tu.

SALMA: Faili limefika. Kabla ya kufanya lolote?

KESSY: Jumla tatu za udhibiti. Idadi ya rekodi, jumla ya kiasi, na jumla ya safu isiyo na maana kujumlishwa, kama namba za ankara. Mwombe aliyekupa faili azitoe upande wake kutoka kwenye mfumo. Zikilingana, endelea. Ya tatu inaonekana ya kijinga, lakini ndiyo inayoshika rekodi iliyobadilishwa na nyingine yenye kiasi kile kile.

SALMA: Na msifungue faili hilo kwenye Excel kwa kulibonyeza mara mbili. Jamani.

KESSY: Wape sababu.

SALMA: Moja, Excel ina mwisho wa mistari 1,048,576. Faili likizidi hapo, mengine hayaonekani, na ukilihifadhi upya umeyapoteza. Mbili, namba ya akaunti inayoanza na sifuri inapoteza sifuri. Tatu, Excel inashika tarakimu 15 tu kwa usahihi, baada ya hapo inaweka sifuri. Nne, kontroo namba ya malipo ya Serikali ina tarakimu 12 zinazoanza na 99, nayo inageuka kuwa 9.91E+11. Ukihifadhi kama CSV ikiwa hivyo, ndiyo imekwenda, na malipo yote yanafanana. Tano, tarehe. 03/04 ni Machi au Aprili? Inategemea kompyuta imewekwa mpangilio wa nchi gani.

KESSY: Dawa ni kuingiza kila safu kama maandishi kwanza, kisha wewe mwenyewe uamue ipi ni namba na ipi ni tarehe. Fanya kwa SQL, lugha ya kuuliza kanzidata, au R, au Python, chochote kinachoacha maandishi ya hatua zako. Mhasibu anayejua SQL vizuri, yaani kuunganisha majedwali, kuhesabu kwa makundi, na kulinganisha mstari na uliotangulia, ana silaha ya kutosha kwa tasnifu nzima. Hahitaji kuanza na akili bandia.

SALMA: Majaribio sasa. Rahisi kwanza.

KESSY: Mapengo. Kama faili lako ni la risiti, zipange kwa mashine, halafu kwa namba, chukua tofauti na iliyotangulia. Ikiwa zaidi ya moja, kuna risiti haipo. Lakini usikimbilie kuandika "udanganyifu". Angalia kwanza kama faili lako limekatwa kwa tarehe ya seva ilhali namba zinatolewa na mashine. Mashine ikikosa mtandao inahifadhi, ikiupata inatuma. Risiti ya tarehe 31 Desemba jioni inaweza kufika seva Januari, na kwenye faili lako la Desemba inaonekana pengo.

SALMA: Nataka nikae hapo kidogo, kwa sababu hapo ndipo idara mbili zinapokutana kweli. Kwa mtu wa mifumo, hiyo ni latensi, tatizo la mtandao. Kwa mhasibu, hilo ni suala la ukomo wa kipindi: mauzo ni ya mwaka upi? Kwa mtafiti wa kati, ile tofauti kati ya saa ya mashine na saa ya seva ni kigezo cha utafiti. Pima kwa kila duka. Ucheleweshaji unafuata hali ya mtandao wa eneo, au unaongezeka mwisho wa mwezi? Kama maduka ya jirani yanatuma papo hapo na duka moja linachelewa siku za mauzo makubwa tu, mtandao haukuhusika.

KESSY: Swali kama hilo huwezi kulipata kwa kusoma fasihi ya upande mmoja.

SALMA: Haya, sheria ya Benford. Kila mtu anaipenda, wengi wanaitumia vibaya.

KESSY: Simon Newcomb aliiona mwaka 1881, Frank Benford akaichapisha upya mwaka 1938, na Mark Nigrini akaileta kwenye kodi na ukaguzi miaka ya 1990. Kwenye namba nyingi za asili, tarakimu ya kwanza haigawanyiki sawa. 1 inaongoza kwa asilimia 30.1, 2 ni 17.6, na 9 ni 4.6 tu. Ankara 5,000, tegemea karibu 1,505 zianze na 1 na karibu 229 zianze na 9.

SALMA: Sasa chukua duka letu la saruji. Mfuko mmoja 18,000, miwili 36,000, mitano 90,000, kumi 180,000, ishirini 360,000, hamsini 900,000. Mauzo yote haya yanaanza na 1, 3 au 9. Benford itapiga kelele, na duka halijaiba hata shilingi. Ni bei. Sheria hii inataka kiasi kinachotokana na bei nyingi na idadi nyingi, kilichosambaa kutoka maelfu hadi mamilioni, bila kiwango cha juu wala cha chini kilichowekwa na mtu.

KESSY: Na kiwango kikiwepo, ndicho cha kutafuta. Tuseme mkuu wa kitengo anaidhinisha hadi 1,000,000. Ukiona malundo ya ankara kati ya 950,000 na 999,999, nyingi za msambazaji mmoja kwa siku zinazokaribiana, manunuzi yamegawanywa. Hapo tarakimu mbili za kwanza zinakusaidia kuliko moja.

SALMA: Na kai-skwea, kile kipimo cha kulinganisha idadi iliyoonekana na iliyotarajiwa?

KESSY: Ndiyo kosa lenyewe. Tarakimu tisa zina digrii nane za uhuru, mpaka wake kwa asilimia 5 ni 15.51. Ukiwa na ankara 5,000, sawa. Ukiwa na risiti 500,000, tarakimu 9 ikishuka kutoka asilimia 4.58 hadi 4.38, hiyo peke yake inachangia takriban 44. Umeshapita mpaka kwa tofauti ambayo hakuna mkaguzi angeinyanyukia kiti. Nigrini anapendekeza wastani wa tofauti kamili kati ya uwiano ulioonekana na uliotarajiwa. Kwa tarakimu ya kwanza, ukizidi 0.015, ndipo useme data haifuati.

SALMA: Kuna wanaotaka kujenga mfumo wenyewe. Utafiti wa usanifu. Wapi wanakosea?

KESSY: Kwenye tathmini. Wanajenga kitu kizuri, halafu wanawaita watu watano kusema kama kinapendeza. Fanya hivi: chukua miamala 10,000 iliyosafishwa, panda makosa 50 unayoyajua, ankara zilizolipwa mara mbili, aliyeingiza na aliyeidhinisha kuwa mtu mmoja, malipo kabla ya kupokea mali. Mpe mtu mwingine apande, si wewe. Kisha washa mfumo.

SALMA: Tuseme umepiga kengele 400, na makosa ya kweli ndani yake ni 45.

KESSY: Umeshika 45 kati ya 50, asilimia 90. Kwenye muhtasari itaandikwa kwa wino mzito. Lakini kati ya kengele 400, za kweli ni asilimia 11.25. Mkaguzi akitumia dakika 10 kwa kila kengele, ni dakika 4,000, karibu saa 67. Wiki ya pili anaizima. Watu wa ukaguzi endelevu wanaijua shida hii kwa muda mrefu. Vasarhelyi na Halper waliandika mwaka 1991 kuhusu mfumo wa kampuni ya simu ya Marekani ya AT&T uliokuwa ukifuatilia mfumo wa ankara ukiwa unafanya kazi, na tangu hapo swali la nani atazishughulikia tahadhari limekuwa zito kama la jinsi ya kuzitoa.

SALMA: Kwa hiyo muda wa mkaguzi uingie kwenye tathmini.

KESSY: Uingie kwa dakika. Mtu wa mifumo atakuja na kipimo cha usahihi, mhasibu atakuja na gharama. Weka vyote kwenye jedwali moja.

SALMA: Twende kwa wapitiaji wa majarida. Makala moja, wapitiaji wawili.

KESSY: Mpitiaji wa uhasibu anauliza: umejuaje kwamba hii ndiyo sababu? Mpitiaji wa mifumo anauliza: teknolojia iko wapi humu, na mchango wa nadharia ni upi? Wote wana haki, lakini huwezi kuwajibu kwa kurasa zile zile. Chukua mfano wa XBRL, taarifa za fedha zinazosomeka na mashine. Tume ya masoko ya mitaji ya Marekani iliileta kwa awamu: mwaka 2009 makampuni makubwa kabisa, yenye hisa za umma za zaidi ya dola bilioni 5, mwaka 2010 makubwa yaliyobaki, mwaka 2011 wengine wote. Mtafiti wa haraka anasema, "safi sana, kundi lililoanza na kundi lililosubiri, nalinganisha tofauti ya tofauti, yaani nani amebadilika zaidi ya mwenzake."

SALMA: Lakini awamu zilipangwa kwa ukubwa.

KESSY: Na mwaka 2009 ulikuwa unatoka kwenye msukosuko wa fedha duniani, ambao haukuwagusa wakubwa na wadogo sawa. Mpitiaji wa uhasibu ataona hapo hapo. Kwa hiyo unalinganisha walio karibu na mpaka wa awamu, juu kidogo na chini kidogo, na unaonyesha kwamba kabla ya mwaka huo mistari yao ilikuwa inakwenda sambamba. Ukija kwetu, mashine za EFD au eTIMS, mfumo wa ankara za kodi wa Kenya, zina shida ile ile. Walioanza si wa bahati nasibu.

SALMA: Upande wa mifumo?

KESSY: Kule usiite XBRL "kigezo cha 0 na 1" halafu ukanyamaza. Eleza ni nini ndani yake kinachobadilisha kazi. Kampuni inaweza kutengeneza lebo zake yenyewe, na zikizidi, ulinganifu kati ya kampuni na kampuni unakufa. Hapo teknolojia ipo ndani ya hoja, haikubandikwa.

SALMA: Kuna makala iliyovuka daraja vizuri ungependa watu waitafute?

KESSY: Ya Jans, Alles na Vasarhelyi, The Accounting Review mwaka 2014. Walichukua uchimbaji wa michakato, mbinu ya watu wa kompyuta, wakaipeleka kwenye data ya manunuzi ya benki moja ya Ulaya ambayo wakaguzi wake wa ndani walikuwa wameshaikagua kwa njia za kawaida. Wakakuta malipo bila idhini na mgawanyo wa majukumu uliovunjwa, mambo ambayo ukaguzi ule haukuyaona. Angalia ujanja: hawakusema "mbinu yetu ni mpya". Walisema, data ile ile, macho mawili, tofauti hii hapa.

SALMA: Na mbinu yenyewe inahitaji safu chache tu. Namba ya kesi, jina la tukio, na saa. Ongeza aliyefanya. Kosa la kawaida ni namba ya kesi: agizo moja lina bidhaa kumi, ankara tatu na malipo mawili. Ukichagua agizo kuwa kesi, malipo yanaonekana kujirudia. Ukichagua mstari wa bidhaa, idhini moja inahesabiwa mara kumi. Amua mapema na uandike kwa nini.

KESSY: Tumalizie na ajira, maana tasnifu itaisha na mtu atataka mshahara.

SALMA: Upande huu nina maneno machache. Usiajiriwe na idara mbili nusu kwa nusu ukiwa Mhadhiri Msaidizi. Utahudhuria vikao vya idara zote mbili na hakuna itakayokutetea. Kaa kwenye moja, andika na watu wa nyingine. Kabla ya kusaini, omba kwa maandishi orodha ya majarida yanayohesabika kupanda kuwa Mhadhiri Mwandamizi. Kuna idara za uhasibu ambazo Journal of Information Systems wanadhani ni la watu wa kompyuta, ilhali linachapishwa na chama cha wanataaluma wa uhasibu wa Marekani. Kuna idara za mifumo ambazo International Journal of Accounting Information Systems hawajawahi kulisikia. Bora ulijue hilo kabla, si siku faili lako liko mezani. Na yale majarida yanayokubali makala kwa siku tatu kwa ada, yaacheni.

KESSY: Vyeti?

SALMA: CPA, cheti cha uhasibu cha nchi yako, inakufungulia milango ya wakurugenzi wa fedha, yaani data. CISA, cheti cha wakaguzi wa mifumo, inakufungulia wakuu wa TEHAMA, yaani logi, kumbukumbu za matukio ya mfumo. Mtihani wa CISA ni maswali 150 kwa saa nne, alama ya kufaulu 450 kwenye skeli ya 200 hadi 800, na cheti chenyewe kinataka uzoefu wa kazi juu ya mtihani. Si lazima uwe navyo vyote. Angalia mlango upi umefungwa kwako.

KESSY: Na msimamizi wa tasnifu? Wengi wanaambiwa wachukue wawili, mmoja kila upande.

SALMA: Wawili sawa, lakini wakae chumba kimoja angalau mara moja kila muhula, na wakubaliane swali la utafiti kwa sentensi moja. Wasipokubaliana sentensi, sura ya pili itaandikwa mara nne.

KESSY: Dada Salma, hii risiti nikurudishie?

SALMA: Ipige picha kwanza. Karatasi hizi huchapwa kwa joto, maandishi hufifia, na kwenye droo yenye jua huwahi zaidi. Anayekusanya risiti za karatasi kama data azichanganue siku ile ile, kila picha na namba ya mashine kwenye jina la faili. Ziko tasnifu ambazo viambatisho vyake leo ni karatasi nyeupe.